Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Maji Yakipungua, Nani Apunguziwe?

Ndugu wanachama,

Nianze na ndoo tuliyoitumia kuigiza mgawo wa maji ya Nile. Mliokosa mkutano wa Juni mmeisikia habari yake, na kila anayeisimulia huongeza lake, kwa hiyo niiweke sawa. Tulitia kwenye ndoo desilita 84 za maji, kila desilita ikihesabiwa kuwa mita za ujazo bilioni moja. Hiyo ndiyo Nile inavyofika Aswan, kusini mwa Misri, katika mwaka wa wastani, kwa hesabu ambayo Misri na Sudan ziliitumia katika mkataba wao wa 1959. Katibu akapima: 55.5 kwa mwenzetu aliyekuwa Misri, 18.5 kwa aliyekuwa Sudan, na 10 zikamwagwa kwenye beseni kuwa ndizo zinazopotea kwa mvuke. Ndoo ikawa tupu. Aliyekuwa Ethiopia, nchi ambako sehemu kubwa kabisa ya maji hayo hutoka, bado alikuwa ameshika kikombe chake. Akachungulia ndani, akauliza, "Kwani mimi foleni yangu ni ipi?"

Tulicheka sana. Lakini kilichonikosesha usingizi ni raundi ya pili, tulipotia desilita 60 tu. Misri akataka fungu lake lote kwanza. Sudan akasema hasara igawanywe kwa uwiano uleule. Mmoja nyuma akapendekeza nusu kwa nusu, akazomewa. Tulipoufungua mkataba tukakuta waliouandika waliliona jambo hilo: ikija miaka mfululizo ya maji haba, kamati ya pamoja ya wataalamu ibuni utaratibu wa haki. Basi. Mgawo wa mwaka mzuri umeandikwa hadi nusu bilioni. Wa mwaka mbaya umeachiwa kamati.

Tangu siku hiyo nimebadili msimamo, na ni vizuri mlisikie kwangu mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikidai humu ndani kwamba haki ni mgawo ulioandikwa. Siku hizi naona mgawo ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kukubaliana, mvua ikiwa bado inanyesha, nani atapunguziwa na kwa kiasi gani itakapokatika.

Tarehe 9 Septemba Ethiopia ilizindua rasmi bwawa lake kuu kwenye Nile ya Bluu, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74. Baadhi yenu mliandika kwamba ubishi umekwisha kwa kuwa bwawa limeshajaa. Sikubaliani nanyi. Mazungumzo ya Ethiopia, Sudan na Misri yalikwama zaidi kwenye swali lile la raundi ya pili: ukame ukidumu miaka kadhaa, bwawa liachie maji kiasi gani, na wakigombana nani aamue. Bwawa limejaa, swali liko palepale.

Kuhusu Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ulioanza kutumika Oktoba 2024 baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini, tuliufurahia, na mimi bado naufurahia. Tanganyika ilikataa kufungwa na makubaliano ya kikoloni ya 1929 kati ya Uingereza na Misri kuhusu Nile tangu 1962, kwa hiyo safari imekuwa ndefu. Ila Misri na Sudan hazimo. Kikwazo chao kikubwa ni kifungu cha 14(b): wengine walitaka nchi isiathiri kwa kiwango kikubwa usalama wa maji wa mwenzake, wao walitaka iongezwe kwamba isidhuru matumizi na haki zilizopo. Kuna waliosema huo ni ugomvi wa maneno. Hapana. "Haki zilizopo" maana yake ni zile 55.5 na 18.5, na kile kikombe kitupu.

Kikundi cha usomaji kilitoka nje ya Nile mara mbili. Kwanza Rio Grande, mto wa mpakani mwa Mexico na Marekani. Mkataba wa 1944 unaitaka Mexico iipe Marekani maji kwa hesabu ya miaka mitano mitano, na ukame "usio wa kawaida" ukitokea deni linasogezwa mzunguko unaofuata. Wazo zuri mno, ila hakuna aliyeeleza ukame huo ni upi. Mzunguko ulioisha Oktoba mwaka huu umeiacha Mexico na deni, na kelele mmezisikia. Pili ni mto Senegal, ambako bwawa la Manantali limejengwa ndani ya Mali lakini ni mali ya pamoja. Umeme wake hugawanywa: Mali asilimia 52, Senegal 33, Mauritania 15. Hapo ndipo niliona watu wakikaa wima vitini. Ukiwa na hisa kwenye bwawa la jirani, hulitazami tena kama bomba alilokufungia.

Mambo ya ndani ni machache. Hesabu atasoma mhazini, hakuna deni. Barua yetu kwa ofisi moja ya serikali kuomba takwimu za mtiririko haijajibiwa hadi leo, na nusu ya kosa ni letu kwa kuwa tuliituma miezi miwili baada ya kuipitisha. Ramani tuliyoisambaza Machi ilimsahau Eritrea kwenye bonde la Nile. Nawaomba radhi, iliyosahihishwa imeshatumwa.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta pendekezo moja tu la kupigiwa kura: kila mkataba tutakaousoma, tuanze na kifungu chake cha ukame kabla ya kifungu cha mgawo, na kama hakuna, tujaribu kukiandika wenyewe. Ndoo italetwa tena Februari, ikiwa na desilita 50. Nafasi ya Misri bado haijapata mtu. Atakayeitaka ampe katibu jina lake kabla hatujafunga mkutano.