Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya: Faili Limfuate Mgonjwa

Assalamu alaykum wanajumuiya wenzangu, wazee wetu na nyote mnaouguza majumbani, Unguja na Pemba.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Mimi nina neno moja tu hapo: ambao hamjalipa ada, lipeni. Kamati Tendaji mwaka huu imeshughulishwa zaidi na faili la mgonjwa.

Hali mnaijua. Mzee anatoka Micheweni na karatasi ya rufaa, anapelekwa hospitali ya Chake Chake au ya Abdulla Mzee kule Mkoani, kisha anapandishwa boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Kila mlango anaulizwa upya: anatumia dawa gani, ipi inamdhuru, figo zilipimwa lini. Anayejibu ni mjukuu aliyemsindikiza, kwa kusoma daftari lililorowa. Mzazi wa mwanachama mmoja alitolewa damu mara mbili kwa kipimo kilekile, kwa kuwa majibu ya kwanza yalibaki kisiwa cha pili. Na akisharudi nyumbani, mhudumu wa afya wa jamii anayepita na simu yake ya Jamii ni Afya, mpango wa afya wa nyumba kwa nyumba, hana habari kuwa dozi imebadilishwa, wala Ustawi wa Jamii hawajui kuwa mzee yule sasa hainuki kitandani.

Kamati inataka mifumo hii, ya hospitali, ya wahudumu wa jamii na ya Ustawi, isomane. DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, tunayo visiwani miaka mingi, lakini kazi yake kubwa ni kuhesabu: itakwambia kituo kimeona wagonjwa wangapi wa sukari, haitamfuata bibi wa Wete mpaka Unguja. Kumfuata kunataka nambari moja, maana majina yetu hayatoshi. Ita Fatma Juma kwenye foleni uone wangapi watainuka. Tumependekeza nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari, na kwa mtoto nambari ya cheti cha kuzaliwa. Daftari nalo lisitupwe. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa baharini kutoka Tanga, na waya hukatika.

Kikao cha Chake Chake kilichemka pale mlipouliza nani atakuwa anasoma mafaili hayo. Wapo waliosema huo ni woga wa bure. Mimi siuoni hivyo. Shehia zetu ni ndogo, na watu wanajuana mpaka kwa vyungu. Anayeshughulikia Pensheni Jamii, ile posho ya wazee ya serikali, anahitaji kujua kuwa mtu ametimiza miaka 70 na yuko hai. Kwamba anameza dawa za VVU, au aliwahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, hakumhusu hata kidogo. Kusomana kwa mifumo si kila mtu kusoma kila kitu.

Tusijifunike na sheria isiyotufikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Anayebisha asome kifungu cha 2.

Uingereza walijaribu kukusanya taarifa za wagonjwa kutoka kwa madaktari wa familia kwa mpango wa care.data. Wananchi wakaona hawakuelezwa vya kutosha, mpango ukasimamishwa 2014 na kufungwa kabisa 2016. Estonia nako kuna mfumo wa taifa tangu 2008, na mwananchi akiingia humo anaona nani amefungua faili lake. Hilo la pili ndilo tunaloliomba kwa nguvu zaidi, na kwa asiye na simu janja tumeomba aweze kuulizia kituoni kwake na kujibiwa kwa maandishi.

Rasimu ya barua kwa Wizara ya Afya imeambatanishwa na taarifa hii. Aya inayohusu ridhaa ya mgonjwa asiyeweza tena kujisemea bado haijakaa sawa: baadhi ya wajumbe wanataka aamue mtoto mkubwa, wengine wanasema awe yule anayemuuguza. Tutaipigia kura baada ya hesabu, kwa hiyo msiondoke mapema.