Injini ya pikipiki imejamu? Tafuta kilichoiua kabla hujafunga nyingine

Wengi wanaotupigia kuhusu injini iliyojamu wameshaamua: wanataka injini nyingine, na wanataka kuifunga wenyewe nyumbani. Uamuzi huo hatuupingi. Kwa pikipiki ya silinda moja, mwenye seti nzuri ya spana, sakafu ngumu na mtu wa kumsaidia anaiweza kazi hii asipoifanya kwa pupa. Tunaomba jambo moja tu: usifunge injini ya pili kabla hujajua ya kwanza imekufa kwa nini. Mara nyingi kilichoiua kiko nje yake, na kitabaki kwenye pikipiki kikiingojea inayofuata.

Anza kwa kuhakikisha kwamba imejamu kweli. Weka gia huru, nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Cheni iliyokwama kwenye sproketi ya mbele au breki iliyobana huifanya injini nzima ionekane mbovu. Halafu fungua plagi, ukanyage kiki taratibu. Ikishuka na tundu la plagi likarusha petroli au maji, hapo hakuna injini iliyojamu. Silinda ilijaa kimiminika, na kimiminika hakishindiliki kama hewa. Kama ni petroli, angalia sindano ya floti kwenye kabureta, maana ndiyo inayovujisha usiku kucha. Stata nayo ikiuma meno huzuia kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). Itoe, ujaribu tena.

Ikiwa bado imegoma, jiulize iligoma ikiwa wapi. Iliyojamu kwa kukaa muda mrefu kwa kawaida ina kutu kati ya ringi na ukuta wa silinda. Hiyo ina matumaini. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, uiache siku kadhaa ukiongeza kidogo kidogo, kisha shika nati ya kranki upande wa magneto kwa spana ndefu, usukume mbele na nyuma kwa upole. Tafadhali usiirukie kiki. Shafti na meno yake huvunjika kabla pistoni haijaachia.

Iliyojamu barabarani ikiwa moto ni habari nyingine. Pistoni ni ya alumini, na alumini hutanuka kuliko chuma. Kati yake na silinda kuna nafasi ndogo mno, sehemu ya milimita tu, na nafasi hiyo hulindwa na oili. Oili ikikosekana au joto likizidi, pistoni hujibandika ukutani. Baadhi huachia zikipoa, zikawaka tena, na mwenyewe akaendelea na safari akidhani yamepita. Hayajapita; pistoni imeshakwaruzwa na itakamata tena. Kama imeshawahi kukufanyia hivyo, iache kabisa, kwa sababu injini ikikamata kwenye mwendo hufunga gurudumu la nyuma. Ikitokea, bana klachi papo hapo ili gurudumu liachwe huru.

Sasa tafuta sababu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo tunayoitilia mkazo kuliko zote. Mwaga oili kwenye beseni safi na upime kiasi kilichotoka. Injini inayotakiwa kuwa na lita 1 ikitoa mililita 300, umeshapata jibu. Oili ya rangi ya maziwa ina maji. Pitisha sumaku: vipande vinavyoikimbilia vimetoka kwenye gia, beringi au sehemu nyingine ya chuma, vumbi la fedha lisiloshikwa na sumaku mara nyingi ni alumini ya pistoni. Kama oili ilitosha na ni safi, geukia hewa na petroli. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, au jeti ikiziba, mchanganyiko hupungukiwa petroli na joto hupanda. Plagi huweza kukuonyesha kwa kauri yake kuwa nyeupe kabisa. Kagua filta ya hewa kama imechanika, maana vumbi likipita hapo hula ringi na silinda. Angalia tope lililoganda kwenye mapezi ya silinda, au rejeta na feni kama yako inapozwa kwa maji. Injini ya mipigo miwili haina oili inayozunguka kulainisha pistoni. Inategemea ile inayochanganywa na petroli, kwa hiyo hakikisha pampu na mpira wake vinapitisha.

Kubadilisha injini nzima si lazima kila mara. Ukifungua kichwa na bloku, shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) uivute juu na chini. Ikicheza kidogo kwa ubavu ni kawaida, lakini ikicheza juu na chini, beringi yake imekwisha. Kranki ikiwa nzima, bloku nyingi za chuma huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, kwa mfano kwa milimita 0.25 au 0.50. Kranki ikiwa imeharibika, hapo ndipo tunaposhauri injini nyingine. Chukua ya modeli ileile. Injini mbili zinaweza kulingana kwa nje lakini zikatofautiana kwenye mashimo ya kufungia, mstari wa cheni, au waya za magneto. Ya mtumba izungushe kwa mkono, uchungulie tundu la plagi kwa tochi, na uikatae kama namba yake imekwaruzwa au haina karatasi. Namba ya injini mara nyingi imeandikwa kwenye usajili wa pikipiki, kwa hiyo fuata utaratibu wa mamlaka yako kuibadilisha.

Kuitoa ile ya zamani si kugumu. Chomoa waya hasi wa betri kwanza, piga picha kila waya na kila mpira kabla hujaugusa, toa tangi, eksozi na kabureta. Nati ya sproketi ya mbele ilegeze cheni ikiwa bado imefungwa na mwenzako amekanyaga breki ya nyuma. Wanaosahau hili huhangaika sana baadaye. Injini ndogo ya silinda moja ina uzito wa kilo 20 hadi 35 hivi, kwa hiyo iegemeze kwenye jeki na ubao kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho.

Wakati wa kufunga, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, ndipo uzikaze, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Weka gasketi mpya ya eksozi na filta mpya. Jaza oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 kama klachi yako inaogelea kwenye oili ya injini; baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kabla ya kuwasha, toa plagi na upige kiki mara kadhaa ili oili ipande juu. Kisha washa, iache silensa (ingurume bila kuongeza mafuta) kwa dakika chache, zima, angalia mivujo na pima oili tena pikipiki ikiwa wima.

Kama pistoni au injini ni mpya, kwenye kilomita 500 za mwanzo usiilazimishe na usiikimbize kwa mwendo mmoja muda mrefu. Oili ya kwanza imwage mapema kuliko kawaida, maana hubeba chembe za chuma.

Usipoiona sababu, usiwashe injini mpya kwanza. Tuletee kabureta, plagi, oili uliyoimwaga kwenye chupa ya kuonea, na ile injini iliyokufa hata kama umeifungua vipande. Tutaikagua pamoja nawe mezani, na kama kazi iliyobaki unaiweza nyumbani tutakuambia hivyo.