YAH: MIFUKO 11 YA CHAKULA CHA DHARURA ILIYOKUWA INAVUJA, PAMOJA NA JIBU MLILONIPA

Kwenu watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya pili nawaandikia. Ile ya kwanza mlinijibu mistari mitatu mkasema nimehifadhi vibaya kwenye joto, sasa hii naomba apewe mtu aisome mpaka mwisho maana nimeeleza kila kitu na picha nimeambatanisha.

Miaka 3 iliyopita nilinunua kwenu makasha 4 ya kile chakula cha kugandishwa na kukaushwa, kasha moja kwa kila mtu hapa nyumbani, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kila kasha lina mifuko 18 ya foili na nje mmeandika kwa herufi kubwa MIAKA 25. Sikununua kwa kukurupuka, nilijinyima miezi kadhaa, na nilichagua hiki badala ya kile cha kukaushwa kwa joto kwa sababu hiki kinagandishwa kwanza halafu kinaingizwa kwenye vakyumu, yaani chumba kilichonyonywa hewa, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji, kwahiyo chakula kinabaki na umbo lake na ladha yake na karibu maji yote yanakuwa yametoka. Nikajua nikishaweka stoo basi, habari ya watoto watakula nini siku ya shida nimeshaimaliza.

Mwezi uliopita dhoruba ikapiga, umeme ukakatika siku mbili na barabara zikawa hazipitiki. Usiku wa kwanza nikafungua mfuko wa nyama na njegere kwa mwanga wa tochi nikamimina kwenye bakuli. Kawaida vile vipande vikiangukia bakuli vinalia kama changarawe, ni vyepesi mno, ukikibana kimoja na vidole kinasagika kinakuwa unga. Hivi vilidondoka kimyakimya. Nikachukua kipande cha nyama nikajaribu kukikunja na kikakunjika. Kikakunjika jamani, kama ngozi ya kiatu, na harufu yake ilikuwa ya mafuta yaliyochacha. Nikatafuta kile kipakiti cha kunyonya oksijeni nikakikuta kigumu kama tofali, yaani ule unga wa chuma wa ndani umeshageuka kutu wote. Mwanangu mdogo alikuwa pembeni yangu ameshika kijiko anasubiri.

Tulikula vitu vingine usiku ule, tukalala. Ila mimi usingizi haukuja.

Umeme uliporudi nilitoa mifuko yote iliyobaki nikaizamisha mmoja mmoja kwenye beseni la maji nikaiminya taratibu. Kumi ilitoa mapovu, ukijumlisha na ule wa usiku ni 11 kati ya 72. Na yote, yote kabisa, ilikuwa inatoa mapovu sehemu moja, kwenye sili ya juu upande wa kulia karibu na kona. Nikachukua mmoja nikaukata pale kwenye sili nikauangalia kwa kioo cha kukuzia nikaona unga wa chakula umebanwa katikati ya kuta mbili za foili, yaani mashine ilifunga huku pana vumbi la chakula kwahiyo foili haikushikana vizuri, ikabaki njia nyembamba ya hewa na unyevu kuingia kidogo kidogo miaka yote hii mitatu. Picha namba 4 inaonyesha vizuri kabisa.

Sasa nirudi kwenye jibu lenu kwamba ni joto. Stoo yangu haina dirisha, mifuko ilikuwa ndani ya makasha yake juu ya rafu, haigusi sakafu wala ukuta, na nina kipimajoto humo ndani ambacho nakisoma kila wiki, hakijawahi kuzidi nyuzi 21. Hata kama pangekuwa na joto, joto linaharibu vitamini na ladha na kufanya mafuta kuchacha mapema, hilo najua, lakini joto haliwezi kuingiza unyevu kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Chakula kilichokauka hakilainiki chenyewe. Halafu nilifungua mfuko mmoja usiovuja, wa kasha hilohilo, rafu hiyohiyo, vipande vikakatika kama biskuti, na kipakiti chake nilipokishika kiganjani baada ya dakika chache kikaanza kupata joto, maana yake kilikuwa bado na nguvu ya kunyonya. Kama stoo yangu ndo mbaya mbona huu ulipona?

Na hili sio suala la ladha tu. Kugandisha na kukausha hakuui vijidudu vyote, vingine vinabaki vimelala tu, vikipata unyevu vinaamka. Mtu mwingine asiyejua kukagua angemwagia maji ya moto akawapa watoto, tena siku ambayo hospitali haifikiki. Chakula cha kila siku kikiharibika unajua kesho yake, hiki mtu anakiweka miaka na miaka bila kukifungua kwa sababu nyie ndo mmemwambia asifungue. Anawaamini nyie tu, hana kingine cha kushika.

Nikiwa nimeshakaa chini na makasha hayo nikasoma na maandishi madogo ya nyuma, nikaumia zaidi. Mbele mmeandika siku 30 kwa mtu mmoja. Nyuma ni milo 90, kila mlo kalori 240, kwahiyo milo mitatu kwa siku ni kalori 720. Mtu mzima anahitaji kama 2000, na siku ya dharura ndo anabeba mizigo anatembea anahangaika. Hizo siku 30 zenu kwa mtu mzima ni siku 11 hivi. Maji nayo hamjayataja kabisa mbele, wakati kila mfuko unataka lita moja na robo ya kulowekea, yaani mimi kwa makasha yangu 4 nahitaji lita 90 kabla hata hatujanywa wala kunawa. Nilikuwa nimeweka maji ya kunywa tu. Hili nililiona kwa kupiga hesabu mwenyewe kwenye daftari, halikupaswa kuwa hivyo.

Ninachotaka ni mnibadilishie hiyo mifuko 11, na sitaki mnitumie ya bechi ileile. Lakini kubwa zaidi mkague hiyo bechi na muwaandikie wote walioinunua, rekodi za oda mnazo, waambieni wazamishe mifuko yao kwenye maji waone, ni kazi ya jioni moja. Na pale penye MIAKA 25 andikeni hapohapo, sio nyuma, kwamba ni kwa joto la nyuzi ngapi, na kalori za siku nzima, na lita za maji.

Mkisema tena ni joto basi mtumeni fundi wenu wa mashine ya kufungia aangalie picha namba 4 aniambie ule unga uliingiaje pale kwa sababu ya stoo yangu.

Mifuko 11 sijaitupa. Nimeifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, kila mmoja una namba ya bechi na nimezungushia alama ya kalamu pale mapovu yalipotokea. Niambieni tu niitume wapi.

Mteja wenu