Barua kwa Mwanangu Aliyeko Unguja

Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba ulikwenda kusali katika kanisa kuu la Mkunazini, ingawa unaniuliza kama kanisa lenye ubani, mishumaa na mapambo kiasi hicho kweli ni la Anglikana kama letu. Ni letu kabisa. Desturi zetu huku ziwani zilitokana na wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana kutoka Uingereza, waliopiga kambi Kageye, pwani ya ziwa letu, mwaka 1877 kabla ya kuvuka kwenda Buganda, na ambao wawili wao, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwaka huohuo. Hao walipenda kuta tupu, mimbari na Biblia iliyofunguliwa. Unguja walifika wamisionari wa UMCA, chama kingine cha Kianglikana kilichoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, mwaka 1864, ambao waliamini kwamba macho nayo yana sehemu yake katika ibada.

Hapo Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kabla mwaka haujaisha jiwe la msingi la kanisa lilikuwa limekwisha kuwekwa pale pale sokoni. Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kufasiri Maandiko kwa Kiswahili, alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa alilijenga kwa zege la matumbawe, likapinda kama kuba refu kutoka ukuta hadi ukuta, wala halikuanguka kama walivyotabiri wenye shaka. Zile nguzo za karibu na mlango zilizosimamishwa juu chini husimuliwa kuwa ni kazi ya mafundi alipokuwa safarini.

Utaoneshwa pia msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi aliyepinga biashara ya watumwa, kule Chitambo, nchini Zambia. Wageni wengi huuendea huo kwanza. Mimi naona kazi kuu ya sanaa humo ni madhabahu, kwa sababu ya mahali ilipowekwa: inaelezwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu sakafuni linakumbusha damu yao. Sanamu na vioo vya rangi vinaweza kuhamishwa, bali mahali hapo hapahamishiki. Nasi tuna hisa katika damu hiyo, mwanangu, maana misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka hadi kwenye pwani hizi za ziwa, ikapitia Tabora kuelekea Bagamoyo, na baadhi ya waliovushwa hadi soko lile walikuwa watu wa bara kama sisi.

Kwa hiyo endelea kusali hapo, na wanapopiga magoti, piga nao. Ukipata nafasi baada ya misa, mwombe padri akuoneshe kaburi la Steere, aliyefariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu hiyo, kisha uniandikie ulichosoma hapo. Mama na wadogo zako wanakusalimu sana.

Baba yako