Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Somo la Hisabati

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MAENDELEO YA HISABATI

Leo tunafunga shule, na mwanao anarudi nyumbani na fomu ya matokeo ndani ya bahasha. Kabla hujatafuta ameshika nafasi ya ngapi, naomba utazame mstari wa Hisabati. Kidato cha Kwanza na cha Pili, hapo ndipo wengi wameteleza.

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu wa somo tukipekua karatasi za Kidato cha Kwanza. (Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo nilikaa kama mwanafunzi.) Swali moja lilitaka wajumlishe 1/2 na 1/4. Karatasi baada ya karatasi jibu lilikuwa 2/6: wamejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Nikamwita binti mmoja ambaye jioni humsaidia mama yake dukani. Nikamuuliza, mteja akitaka nusu kilo ya sukari, halafu akaongeza robo, unampimia kiasi gani? Hakusubiri: "Robo tatu, mwalimu." Nikamwonyesha karatasi yake. 2/6 ni theluthi moja, na theluthi haifiki hata ile nusu aliyoanza nayo. Yaani sukari imeongezwa, ikapungua! Alicheka mpaka akaziba uso kwa daftari, kisha akaandika mwenyewe: robo mbili na robo moja.

Mtoto huyo akili anazo. Sehemu, yaani namba kama hizo 1/2 na 1/4, alizisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua kiasi (namba ya juu), asili (namba ya chini) na KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote). Alipofika sekondari akakuta mambo yaleyale yanaitwa kwa Kiingereza, akadhani ni mada mpya. Akikwama hapo, aljebra nayo itamponyoka, maana milinganyo imejaa sehemu. Mwalimu ametundika chati ukutani, istilahi za Kiingereza kushoto na za Kiswahili kulia, na kila kipindi anakianza kwa dakika tano za kuzipitia. Muhula ujao tutaongeza masomo ya ziada baada ya vipindi kwa waliopata chini ya 30. Hayalipiwi. Walimu wa Hisabati tunao wawili tu kwa vidato vyote vinne, hivyo mtuvumilie kwenye ratiba.

Sasa upande wenu. Kwenye kikao cha Januari mzazi mmoja alisema mbele ya mwanawe, "Hata mimi hesabu zilinishinda," ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, na sikufanya vizuri. Mtoto akishasikia hivyo ameshapata ruhusa ya kushindwa.

Ndani ya bahasha kuna maswali ya likizo, matano kwa siku, siku tano kwa wiki. Huhitaji kujua majibu. Mwambie akueleze alivyofika kwenye jibu lake. Akibabaika katikati, arudi hatua moja nyuma. Asiwe na kikokotoo mkononi. Akikosea asifute, apige mstari mmoja tu juu ya kosa, kwa sababu mwalimu anataka kuona alipopotelea. Mtume pia dukani na hela, akirudi akuhesabie chenji na bei ya kila kitu.

Kuhusu twisheni sikatazi, ila kagua daftari. Tumeona madaftari yaliyojaa hesabu zilizonakiliwa ubaoni, safi kabisa, na mwenye daftari hawezi kurudia hata moja.

Wa Kidato cha Pili wana Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Kwao maswali haya si ya hiari.

Kila mwanafunzi arudi na mkebe wenye bikari na kipimapembe, na kaunta buku mpya ya Hisabati. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya fomu ya matokeo. Tafadhali saini kipande cha mwisho, ukikate, na umpe akirudishe siku hiyo pamoja na daftari la maswali ya likizo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule