Betri ya 9900 mAh haipo

Mhariri,

Madukani kumejaa betri za lithiamu za 18650, zile za tochi na drili, zilizoandikwa "9900 mAh" (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri huhifadhi). Huo ni uongo. Seli (betri moja) ya ukubwa huo, milimita 18 kwa 65, haifiki hata nusu ya hapo.

Mwenye drili aulize ampea kwanza, yaani mkondo ambao betri inaweza kutoa. Seli ya Samsung 25R ina 2500 mAh tu, lakini hutoa ampea 20 mfululizo. Seli nyingi za 3500 mAh huishia ampea 8 au 10, na zikilazimishwa hupata moto vibaya. Jina lililochapwa si ushahidi, maana ganda la plastiki hubadilishwa kirahisi. Ipimeni kwenye mizani: halisi huwa na gramu 44 hadi 50, bandia nyingi ni nyepesi mno. Wauzaji wanaokataa mizani, waacheni.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Mwanza