Kabla ya saruji, tuandikiane

Mhariri,

Sipingi viwanja. Juni 2021 nilikuwa uwanja wa Mamboleo Sikukuu ya Madaraka ilipoletwa Kisumu, na Oktoba 2025 nikapanga foleni uwanjani humo humo kumuaga Raila Odinga. Mji usio na mahali pa kukusanyika ni mkiwa.

Ila mimi ni kocha wa watoto huku Manyatta. Mwaka jana niliomba uwanja mmoja wa umma, sitautaja, kwa fainali ya vijana wetu. Nilizungushwa ofisi tatu, kisha nikatajiwa ada iliyozidi bei ya jezi na mipira yetu ya msimu mzima. Na siku za mechi kubwa pale, akina mama wa mandazi na maji hufukuzwa langoni kama kuku waliovamia mtama.

Sasa Kombe la Afrika la 2027 linakuja kwetu, Uganda na Tanzania, na kila mwanasiasa ana ramani ya uwanja mfukoni. Tunaahidiwa ajira. Ajira ipi? Kubeba mawe miezi michache, basi. Kweli, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini zabuni ikishalipwa, hakuna panaposema mtoto wa mtaa kama Nyalenda atakanyaga nyasi lini.

Detroit, Marekani, walijifunza kwa uchungu. Mji huo ulitangaza kufilisika Julai 2013, na siku chache baadaye jimbo likaidhinisha pesa za umma kwa uwanja wa hoki ya barafu. Uwanja ulifunguliwa 2017. Mtaa mpya ulioahidiwa kuuzunguka, sehemu kubwa ikabaki maegesho ya magari. Novemba 2016 wapiga kura walikuwa wamepitisha sheria: mradi wa dola milioni 75 au zaidi unaopata msaada wa umma lazima kwanza ujadiliwe na kamati ya wakazi tisa wa eneo hilo. Wapo wanaosema sheria yenyewe ni dhaifu. Hata hivyo, angalau mkazi anakaa mezani kabla ya tingatinga kufika.

Sisi tuna vikao vya maoni ya wananchi, vinavyoitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Mtu wa boda atafikaje? Bunge la Kaunti ya Kisumu litunge sheria kama hiyo ya Detroit, na mkataba uandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka: saa za bure kwa timu za mitaani kila wiki, vibanda vya majirani siku za mechi, na hesabu za matunzo zibandikwe langoni tuzisome. Hilo la matunzo ndilo linaloniogofya zaidi, maana kukata utepe ni siku moja, kukata nyasi ni kila wiki.

Fainali yetu tuliichezea uwanja wa shule ya msingi. Ng'ombe wa watu walitusubiri pembeni hadi filimbi ya mwisho.

Kocha na mzazi,
Manyatta, Kisumu